Karani wa muda ambaye muda wake hauishi

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika ofisi za umma za miji ya Kitale na Bungoma wamo wageni waliopewa jembe siku ile ile ya kwanza, wakalima miaka kumi, wengine kumi na mitano, na hadi leo hawajaitwa wenyeji. Hao ni makarani wa muda.

Bila shaka msomaji unawajua. Ukienda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karani anayeandika jina lako katika daftari huenda akawa mmoja wao. Ukifuata faili ya shamba katika masjala ya ardhi, anayepanda ngazi kuitoa rafuni huenda akawa mmoja wao. Mama anayeuza vitunguu katika soko la Chwele au mitumba mjini Kitale humlipa ada ya soko kijana mwenye kitabu cha risiti au kijimashine mkononi, asijue kwamba kijana huyo mwenyewe hana hakika kama mwezi ujao atakuwapo.

Mwananchi hawezi kuona tofauti. Karani wa kudumu na karani wa muda huketi meza moja, hutumia muhuri mmoja na hukemewa na mkubwa mmoja. Tofauti hujitokeza mwisho wa mwezi, tena mmoja wao anapougua, anapojifungua, anapotaka mkopo wa karo na, zaidi ya yote, siku ya kuondoka. Mmoja huondoka na malipo ya uzeeni. Mwingine huambiwa, "Kesho usije."

Makala haya yanahusu huyo wa pili: anapata nini, anakosa nini, na je, sheria ya Kenya inamtambua au haimtambui?

KIBARUA NA BARUA YAKE

Neno kibarua lina historia inayochekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Lilitokana na barua. Huko Unguja na pwani katika karne ya 19, mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti kidogo, yaani kibarua, kuthibitisha kwamba amefanya kazi na anastahili kulipwa. Jina la cheti likawa jina la mtu.

Mtindo huo ulifika bara kwa sura nyingine. Katika mashamba ya walowezi, Trans Nzoia ikiwa mojawapo ya maeneo yao makubwa, mfanyakazi alihesabiwa siku zake kwa tikiti ya siku 30. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na tikiti ilipojaa ndipo alipolipwa. Ulikuwa utaratibu mgumu na wa dhuluma nyingi, lakini angalau siku ya mtu iliandikwa mahali.

Karani wa muda wa leo mara nyingi hana hata hicho kibarua. Aliitwa kwa simu au kwa neno la mdomo, akaambiwa aje asaidie kwa wiki mbili kupunguza mrundo wa faili. Wiki mbili zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Yeye anayewaandikia watu wote barua, hana barua yake mwenyewe.

WALIVYOFIKA HAPO

Hali hii haikuzuka jana. Mwaka wa 1980, wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, chama cha wafanyakazi wa serikali kilipigwa marufuku. Kwa miaka 21 makarani wa serikali hawakuwa na chama cha kuwasemea, hadi Muungano wa Watumishi wa Serikali Kenya uliposajiliwa mwaka wa 2001.

Katika kipindi hicho hicho milango ya ajira ilibanwa. Mwaka wa 1993 serikali ilizindua mpango wa kurekebisha utumishi wa umma, na watumishi wa vyeo vya chini, kundi A hadi G, wakashawishiwa kustaafu mapema kwa hiari ili wapewe malipo ya mkupuo. Makarani wengi walikuwa katika makundi hayo. Mwaka wa 2000 ukafuata upunguzaji wa wafanyakazi ambao haukuwa wa hiari.

Watu wakapungua, lakini je, faili zilipungua? Hapana. Watoto waliendelea kuzaliwa na kuhitaji vyeti, mashamba yaliendelea kugawanywa na kesi ziliendelea kufunguliwa. Mkubwa wa ofisi aliyekatazwa kuajiri, na ambaye kazi ilikuwa ikimlemea, alitafuta njia ya mkato. Akaita vijana waliomaliza kidato cha nne, wanaojua kusoma na kuandika vizuri, akawalipa kutoka fungu dogo la ofisi.

Mabadiliko mengine yalikuja Machi 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi. Baraza la Manispaa ya Kitale, Baraza la Kaunti ya Nzoia, Baraza la Manispaa ya Bungoma na mengineyo yalivunjwa, na wafanyakazi wake wakarithiwa na kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Mwenye barua ya kuajiriwa alijua pa kusimama. Lakini aliyekuwa akikusanya ada ya soko kwa neno la mdomo alirithiwa kama kiti au meza, bila mtu kuuliza ameketi pale tangu lini.

Hata vitabu vya bajeti vinawatenganisha. Katika orodha ya hesabu za serikali, mishahara ya watumishi wa kudumu ina nambari yake, 2110100, na ujira wa watumishi wa muda una yake, 2110200. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba serikali haijui kuwa watu hawa wapo. Fungu lao hupangwa na kupitishwa kila mwaka.

Na kwa nini karani asiende kwingine? Hilo ni rahisi kuuliza ukiwa mbali. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye, kilichokuwa tegemeo la maelfu ya familia, kilifungwa mwaka wa 2009. Kile cha sukari cha Nzoia kilisumbuliwa na madeni kwa miaka mingi, wafanyakazi wakidai mishahara, hadi kilipokodishwa kwa kampuni ya kibinafsi mwaka wa 2025. Mahali ambapo viwanda vimenyamaza, meza ya ofisi ya serikali, hata ikiwa ya kuazimwa, huonekana kama neema. Isitoshe, kila mwaka huja fununu kwamba "safari hii majina yetu yamepelekwa." Matumaini hayo ndiyo kamba inayomfunga karani wa muda kwenye kiti chake.

HESABU YA MSHAHARA NA YA UZEE

Sasa tuangalie pesa. Karani wa kudumu ana kundi la kazi, na ndani ya kundi hilo mshahara wake hupanda kidogo kila mwaka. Juu ya mshahara ana marupurupu ya nyumba, likizo yenye malipo na nafasi ya kupandishwa cheo. Ana hati ya malipo ya kila mwezi ambayo benki na chama cha akiba na mikopo huiheshimu.

Karani wa muda hulipwa kwa hesabu ya siku au kwa kiwango kimoja kisichosogea. Akiingia leo au akiwa na miaka 14, malipo ni yale yale. Pesa za ofisi zikichelewa kutoka Nairobi, wa kudumu hulalamika pamoja na wenzake wa nchi nzima, naye wa muda hulalamika na mwenye duka anayemkopesha unga. Hana hati ya malipo, basi hana mkopo, na Januari ya karo humkuta mikono mitupu. Wengi hujikimu kwa kukodisha nusu ekari ya mahindi, wakiomba mvua isipotee na bei ya mbolea isipande.

Lakini pengo kubwa zaidi halionekani katika mshahara, bali katika uzee. Hebu tufanye hesabu pamoja, hasa wewe mwanafunzi unayedhani hesabu za darasani hazina kazi.

Chini ya sheria ya zamani ya pensheni, ambayo iliwahusu watumishi wa kudumu kwa miaka mingi, kila mwezi wa utumishi uliokamilika una thamani ya sehemu 1 ya 480 ya mshahara wa mwisho, mradi mtu awe ametumikia miaka 10 au zaidi. Karani wa kudumu aliyetumikia miaka 20 ana miezi 240. Gawanya 240 kwa 480 upate nusu. Kama mshahara wake wa mwisho ulikuwa Sh30,000, pensheni yake ni Sh15,000 kila mwezi mpaka siku ya mwisho wa maisha yake.

Tangu Januari 1, 2021 upo mpango mpya wa uchangiaji kwa watumishi wa serikali. Baada ya miaka miwili ya mwanzo mfanyakazi hutoa asilimia 7.5 ya mshahara wake, nayo serikali humwekea asilimia 15. Kwa mshahara wa Sh30,000 hizo ni Sh2,250 zake na Sh4,500 za serikali, jumla Sh6,750 kila mwezi.

Karani wa muda aliyetumikia miaka 20 ile ile je? Pensheni ya serikali hana. Kimbilio lake ni NSSF, nako ikiwa tu ofisi ilimsajili na kupeleka michango. Hadi Januari 2023 mchango ulikuwa Sh200 kutoka kwa mfanyakazi na Sh200 kutoka kwa mwajiri, yaani Sh4,800 kwa mwaka. Miaka 15 ya michango hiyo, bila kuhesabu faida, ni Sh72,000. Mwenzake wa pensheni hupata kiasi hicho kwa miezi mitano tu.

Tangu Februari 2023 michango imepanda. Anayepata Sh15,000 hukatwa asilimia 6, yaani Sh900, na mwajiri huongeza Sh900. Ni afadhali, lakini kwa aliyebakiza miaka michache kufikia uzee, hilo ni jua la magharibi.

SHERIA INASEMAJE?

Makarani wengi huamini kwamba mtu wa muda hana haki yoyote. Imani hiyo ilikuwa na msingi zamani. Sheria ya ajira ya mwaka wa 1976 ilimtambua kibarua, lakini haikusema atakuwa nani akikaa miaka kumi.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutumika Juni 2, 2008, ilibadilisha mambo. Kwanza, inaifunga serikali kama inavyomfunga mwenye duka, isipokuwa vikosi kama jeshi, polisi na magereza. Pili, inamweleza kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Jiulize: karani aliyepewa ufunguo wa kabati la masjala, anayekuja Jumatatu hadi Ijumaa mwaka mzima, ameajiriwa kwa saa 24?

Tatu, na hapa ndipo penye kiini, kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika katika miezi mitatu, ajira yake hugeuka kuwa mkataba wa mshahara wa mwezi. Siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi, pamoja na sikukuu za umma, huhesabiwa kuwa sehemu ya siku za kazi. Akifikisha miezi miwili, anastahili masharti yote ambayo sheria hiyo inampa mfanyakazi mwingine yeyote.

Masharti hayo ni yapi? Ni likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili. Ni siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu malipo. Kwa mama ni miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa malipo kamili, na kwa baba wiki mbili. Ni nyumba au marupurupu ya nyumba. Ni notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa, sababu ya haki, na nafasi ya kujitetea ikiwa anatuhumiwa kwa kosa. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama.

Kwa hiyo mama karani anayeambiwa, "Nenda ukajifungue, ukirudi tutaona kama nafasi ipo," hapewi hisani wala hafukuzwi kwa haki. Ananyimwa kitu ambacho sheria ilikwisha kumpa.

Tutoe mfano wa hesabu, si kisa cha mtu fulani. Karani analipwa Sh15,000 kwa mwezi, amefanya kazi miaka 12, kisha anaambiwa asirudi, bila notisi wala sababu. Mahakama ikikubali kwamba ajira yake iligeuka, anaweza kudai karibu mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Likizo ya mwaka mmoja aliyonyimwa, ukigawanya mshahara kwa siku 26 na kuzidisha kwa 21, ni takriban Sh12,115. Kama hakuwa katika NSSF wala mpango mwingine, anaweza kudai malipo ya utumishi. Mahakama mara nyingi hukadiria siku 15 kwa kila mwaka, ambazo kwa miaka 12 ni Sh90,000. Na kwa kuachishwa isivyo haki, mahakama inaweza kumpa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, yaani Sh180,000 kwa upeo wake.

Si utajiri. Lakini si sawa na "kesho usije."

HATARI MBILI

Hata hivyo, asomaye asikimbilie kushangilia. Iko mitego miwili ambayo imewaangusha wengi.

Mtego wa kwanza ni barua yenyewe. Ofisi nyingi sasa humpa karani barua ya miezi mitatu au sita yenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, kisha humpa nyingine. Karani hufurahi kwamba hatimaye ana karatasi. Lakini mkataba wenye tarehe ya mwisho si kibarua cha kutwa. Mahakama ya Rufani imeshikilia, ikiwemo katika hukumu ya mwaka wa 2023, kwamba mkataba wa namna hiyo kwa kawaida hufa wenyewe tarehe ikifika, na haumpi mtu haki ya kutarajia mwingine, isipokuwa mwajiri awe amemwahidi au kumfanya aamini hivyo kwa matendo. Basi kabla hujatia sahihi, soma tarehe. Sahihi yako inaweza kufuta miaka yako.

Vivyo hivyo kwa anayelipwa kwa kipimo cha kazi badala ya siku. Katika kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya chumvi ya Krystalline iliyoamuliwa mwaka wa 2017, Mahakama ya Rufani ilisema malipo ya namna hiyo ni mkataba wa aina yake, na kifungu cha 37 hakikuwaokoa.

Mtego wa pili ni wakati. Dai la ajira lazima lifikishwe mahakamani katika miaka 3 tangu kosa litendeke, na kwa kosa linaloendelea, katika miezi 12 tangu likome. Karani anayesubiri miaka minne akiamini kwamba mkubwa atamwita tena, hujikuta amepoteza kazi na kesi pamoja.

Tena kuna jambo ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Kifungu cha 37 humpa karani haki za mfanyakazi wa mwezi. Hakimpi cheo katika utumishi wa umma wala pensheni ya serikali. Hiyo ni milima miwili tofauti, na wengi wameumia kwa kudhani kwamba ukipanda mmoja umepanda yote.

SERIKALI NAYO INA HOJA

Kusema kweli, upande wa pili nao una la kusema. Katiba inataka nafasi za umma zitangazwe na kushindaniwa kwa haki. Mwajiri halali ni Tume ya Utumishi wa Umma au bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Mkuu wa masjala hana mamlaka hayo. Kama kila aliyeingia kwa mlango wa nyuma ataamka siku moja akiwa wa kudumu, je, yule kijana wa Kiminini au Kanduyi mwenye diploma, anayesubiri tangazo gazetini, atapata wapi haki yake? Na sote tunajua kwamba wapo walioingia kwa sababu ya shangazi au diwani.

Ipo pia hoja ya fedha. Kanuni za fedha za umma za mwaka wa 2015 zinataka mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yake. Kaunti nyingi hushindwa kukaa chini ya kiwango hicho, na huona heri kumweka karani nje ya orodha ya kudumu.

Hoja hizo zina uzito kwa mwaka wa kwanza, hata wa pili. Lakini kazi ambayo imefanywa kila siku kwa miaka 12 si ya dharura tena. Ikiwa nafasi ipo, itangazwe, na aliyeishikilia aruhusiwe kuishindania, huku uzoefu wake ukihesabiwa. Ikiwa haipo, mtu asitumiwe kama ipo. Mwongozo wa serikali yenyewe kuhusu watumishi unasema vibarua ni wa kazi za dharura za muda mfupi, wasizidi miezi mitatu. Anayeuvunja mwongozo huo ni ofisi, si karani. Mbona basi adhabu humwangukia karani?

WENGINE WAMEPITIA

Makarani si peke yao. Mwaka wa 2023 maelfu ya walimu wenye vyeti kamili waliajiriwa kama wanagenzi katika sekondari msingi kwa Sh20,000 kwa mwezi. Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Ajira aliamua kwamba mtindo huo ulikuwa kinyume cha sheria. Walimu waligoma Mei mwaka huo, na Januari 2025 maelfu yao wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Mwaka huo wa 2025 wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mikataba mwaka wa 2020 walipiga kambi nje ya Wizara ya Afya jijini Nairobi wakidai jambo hilo hilo.

Mbali na kwetu, India, iliyorithi ofisi na mafaili kutoka kwa Mwingereza kama sisi, imehangaika na suala hili kwa miaka mingi. Mwaka wa 2006 Mahakama yake ya Juu ilisema kukaa kazini muda mrefu pekee hakumfanyi mtu wa muda kuwa wa kudumu. Lakini Desemba 2024 mahakama hiyo iliwapa ajira ya kudumu wafagizi na mtunza bustani wa idara moja ya serikali waliokuwa wametumikia kwa miaka mingi, ikisema hukumu ile ya zamani isigeuzwe ngao ya kuwanyonya watu.

Fundisho ni moja. Walimu na wahudumu wa afya walikuwa wengi na walisimama pamoja. Karani wa muda yuko peke yake katika ofisi yake, mmoja Kitale, wawili Bungoma, watatu Kimilili. Hajui wenzake ni wangapi, na anaogopa kuuliza.

LA KUFANYA

Kwa aliye ndani ya hali hii, au mwenye mzazi, mume, mke au ndugu aliye ndani yake, mambo haya hayana gharama:

Kwanza, weka daftari lako nyumbani. Andika tarehe ulizofanya kazi, kiasi ulicholipwa na aliyekulipa. Wewe ni karani, kuandika ni kazi yako.

Pili, hifadhi kila karatasi yenye jina lako: zamu, orodha ya mahudhurio, barua ya kutumwa nje, ujumbe wa M-Pesa au taarifa ya benki inayoonyesha malipo. Pale ambapo mwajiri hakuandika mkataba, sheria humtwika yeye mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi, lakini ni lazima kwanza uonyeshe kwamba ulikuwapo. Usichukue mafaili ya ofisi.

Tatu, ulizia NSSF kama michango yako inafika, usingoje uzee. Makato yanayoonekana mfukoni mwako lazima yaonekane pia katika akaunti yako.

Nne, ulizia kuhusu chama cha wafanyakazi kinachohusika na idara au kaunti yako. Haki ya kujiunga haikungoji uwe wa kudumu.

Tano, ukidhulumiwa, anza na afisa wa leba. Malalamiko hupokelewa bila ada na bila wakili. Jambo likishindikana huko, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huketi Bungoma, na mtu wa Kitale anaweza kufika kwa matatu kupitia Webuye na kurudi siku hiyo hiyo. Kumbuka ile miaka 3.

Sita, nafasi ikitangazwa, omba kama mtu mwingine yeyote. Usitegemee kwamba "wananijua." Wanaokujua ndio waliokuacha hapo miaka yote.

Na kwenu wanafunzi mnaojiandaa kutoka na vyeti: siku mtakapoitwa kusaidia kwa wiki mbili, nendeni kwa moyo mkunjufu, lakini ulizeni swali moja kabla ya kuketi. Barua yangu iko wapi? Haki ya aliyeandika haipotei kwa urahisi kama haki ya aliyeambiwa kwa mdomo, na hakuna anayelijua hilo kuliko karani.